Kuhamisha Traki Bila Kupishana: Njia Ipi Inakufaa?

Umerekodi nyumbani ukitumia Reaper, fundi mitambo wako anamiksi kwa Pro Tools. Mradi wa programu moja haufunguki kwenye nyingine, hivyo inabidi utoe sauti zenyewe. Zikitolewa vibaya, kiitikio huingia juu ya ubeti, na saa za studio unazolipia zinaishia kwenye kusogeza vipande. Njia ni nne, na kila moja ina gharama yake.

WAV ndefu kuanzia sifuri. Kila traki inatolewa kama faili moja linaloanza mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama sauti yenyewe inaingia dakika ya tatu. Programu hailipiwi na WAV hufunguka karibu kila mahali. Unacholipia ni bando: kwa 48 kHz na biti 24, traki ya mono hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Traki 20 za wimbo wa dakika 4 zinakaribia MB 690. FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. MP3 iache: hupunguza ubora na mara nyingi huongeza ukimya mwanzoni, kama milisekunde 25, kiasi cha kupishana na WAV.

WAV yenye muhuri wa muda. Ni Broadcast Wave, iliyoanza 1997. Faili hubeba mahali pake kwenye wimbo, kwa hiyo unatuma vipande vifupi tu na bando linapona. Lakini si kila programu inausoma muhuri huo, na anayepokea lazima ajue kuiamuru programu yake iufuate.

AAF. Huhamisha vipande na mahali vilipokatwa, fundi akaendelea kuvirekebisha. Pro Tools, Logic Pro na Cubase zinaifahamu. Watumiaji wa Reaper kwa miaka mingi wamelazimika kununua kigeuzi kama AATranslator. Efekti zako hazisafiri nayo. Ndugu yake mzee, OMF, hukwama kwenye GB 2.

DAWproject. Bitwig na PreSonus waliitoa 2023, na ni huru kwa yeyote. Hubeba sauti, MIDI, tempo na hata mipangilio ya efekti. Bitwig, Studio One na Cubase 14 zinaisoma. Ila efekti ya kulipia lazima iwepo pande zote mbili.

Kununua programu ya fundi ndiyo njia ghali: leseni nafuu ya Reaper ni dola 60, lakini Logic Pro ni karibu dola 200 na inataka kompyuta ya Mac.

Kwa wimbo wa kawaida, chagua WAV ndefu. AAF ni kwa kazi yenye mikato mingi, kama filamu. DAWproject ni kwa watunzi wawili wanaopokezana biti ambayo bado inajengwa.

Vyovyote iwavyo, kubalianeni kwanza kiwango cha sampuli. Faili la 48 kHz likichezwa kama la 44.1 kHz, dakika 4 huwa dakika 4 na sekunde 21, na sauti hushuka. Andika tempo, kisha ongeza miksi ya mfano. Kabla ya kutuma, fungua mradi mtupu, ingiza mafaili yote kwenye sifuri, na usikilize kiitikio cha mwisho. Sauti zinazoachana kidogo kidogo hujificha mwanzoni mwa wimbo. Mwishoni zinasikika wazi.