Nakato Wawili Wodini

Katika Buganda mapacha hawatafutiwi majina. Wakiwa wasichana, anayetangulia ni Babirye, anayefuata ni Nakato. Wakiwa wavulana ni Wasswa na Kato. Kwa hiyo muuguzi wa Kampala hawezi kukwepa kuwa na Nakato wawili katika wodi moja. Mimi nilikuwa nao usiku mmoja, mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja.

Wote wawili walikuwa wamejifungua, na wote wawili walikuwa wamepoteza damu nyingi. Kutoka maabara ukaletwa mfuko umeandikwa Nakato, kundi B. Niliuchukua, nikasimama kando ya kitanda, nikauliza, "Wewe ni Nakato, sivyo?" Akaitikia kwa kichwa. Hakusema uongo. Mrija ulikuwa tayari mkononi mwangu, nimeinama kuuunga kwenye kanula iliyokuwa mshipani mwake, mwenzangu alipokuja na faili akasema, "Huyu ni O."

Mwenye kundi O ana kingamwili zinazopambana na damu ya A na ya B, hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Chembe nyekundu za B zikiingia mwilini mwake, kingamwili hizo huzipasua humo humo mishipani. Presha hushuka, figo hushindwa kazi, na damu inaweza kugoma kuganda. Mililita chache tu zinatosha kuanzisha balaa hilo. Karl Landsteiner aliyatambua makundi haya huko Vienna mwaka 1901. Kabla yake, aliyeongezewa damu alikuwa anabahatisha uhai wake.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza kwanza kama damu imepimwa. Imepimwa. Benki ya Damu ya Nakasero huipima virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Wachangiaji hawalipwi, na wengi wao ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, sisi wodini tunajua bila kuangalia kalenda. Kisha huniuliza imekaa siku ngapi, maana akina mama wanataka mtoto apewe damu mbichi. Hilo nalo lina jibu: watafiti wa Hospitali ya Mulago waliwafuatilia watoto 290 wenye upungufu mkubwa wa damu, wengine wakapewa damu ya siku 1 hadi 10, wengine ya siku 25 hadi 35. Matokeo yalitoka mwaka 2015: damu iliyokaa muda mrefu iliwasaidia watoto sawasawa na ile mpya.

Ila swali ninalolisubiri haliji: "Musawo, una hakika hii ni yangu?"

Siku hizi simtajii mgonjwa jina. Namwambia aniambie yeye: jina lote, na mwaka aliozaliwa. Nimekulia kambi ya polisi Naguru, ambako watoto wa makabila yote tulicheza na kugombana kwa Kiswahili, na lugha hiyo imenifaa sana kwa akina mama kutoka Kongo. Ukimwuliza mmoja wao kwa Kiganda, anaitikia kwa kichwa kwa adabu tu. Mtoto au mgonjwa asiyejitambua anasomewa bangili ya mkononi. Tunasoma wawili, tena kitandani, si mezani kwetu: jina, namba ya mgonjwa, namba ya mfuko, kundi, tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mrija wenyewe si wa dripu ya kawaida. Wa damu una chujio la kunasa vidonge vya damu iliyoganda. Mtu mzima namwekea kanula ya kijani au ya pinki, mtoto ya bluu au ya njano iliyo nyembamba zaidi. Katika mrija huo haipiti dawa, hayapiti maji ya glukosi, maana hupasua chembe. Maji ya chumvi ya hospitali peke yake ndiyo yanaruhusiwa. Mfuko ukitoka kwenye friji, damu ianze kuingia ndani ya dakika 30 na iwe imekwisha ndani ya saa 4, kwa sababu bakteria hupenda joto. Na tafadhali, ndugu wa mgonjwa, msiutie kwenye maji ya moto ili "usimpe baridi". Mtaziua chembe mnazozihitaji.

Dakika 15 za mwanzo sibanduki. Nimekwisha kupima joto, mapigo, presha na pumzi, na matone yanashuka polepole. Namwambia mgonjwa: ukihisi baridi ya kutetemeka, kiuno kikikuuma, kifua kikibana, mwili ukiwasha, niite hata kama unaona haya. Akiniita, nafunga damu papo hapo. Kanula siitoi, maana ndiyo njia ya kumwokoa. Nabadilisha mrija wote, naweka maji ya chumvi, namwita daktari. Mfuko unarudi maabara pamoja na damu mpya ya mgonjwa kwenye chupa ndogo.

Usiku ule damu ya O ilifika baada ya saa nzima. Nilirudi kwenye kitanda kile kile, mikono bado ikitetemeka, nikamwomba anitajie jina lake.

"Nakato," akasema.

Kutoka kitanda cha jirani, katikati ya usingizi, sauti ikaitika, "Wangi?"