Ramani Isiyoona Manyunyu: Vyura Adimu na Mipaka ya Kompyuta

Katika misitu ya pwani, wa Zaraninge karibu na Mkange ukiwa mmojawapo, maji kidogo yaliyotuama yaweza kuwa makazi ya kiumbe. Chura mdogo wa misitu hiyo, Mertensophryne micranotis, huzalia katika matundu ya miti, magamba ya konokono, hata vifuu vya nazi. Ukataji wa mkaa na mabadiliko ya tabianchi vitawafanyia nini vyura wa namna hii? Wataalamu hulijibu swali hilo kwa modeli za mtawanyiko wa spishi.

Kompyuta hupewa orodha ya mahali ambapo chura amewahi kuonekana, pamoja na takwimu za mvua, joto, mwinuko na uoto, nayo hutafuta mahali pengine penye hali kama hizo. Ramani za mbu waenezao malaria hutengenezwa vivyo hivyo. Kasoro yake wahudumu wa afya wanaifahamu: zahanati isiyopima damu haina malaria iliyothibitishwa katika daftari lake.

Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Udzungwa, ni mfano mchungu. Aliishi kwenye hekta chache tu zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, ilhali takwimu nyingi za tabianchi husomwa kwa miraba ya takriban kilomita moja. Bwawa la umeme lilipochepusha sehemu kubwa ya mto, mvua haikupungua wala joto la eneo halikubadilika; kilichotoweka ni manyunyu. Yaliwekwa manyunyu ya mabomba, lakini mwaka 2003 vyura waliporomoka ghafla, na fangasi wa kitridi akakutwa katika mizoga. Fangasi huyo hushambulia ngozi, ambayo chura huitumia kunywa maji na kurekebisha chumvi za mwili. Sodiamu na potasiamu zikishuka, moyo husimama. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Waliozaliwa kutokana na vyura takriban 500 waliopelekwa Marekani mwaka 2000 walianza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012.

Kwa mvua na joto pekee, mti wa Zaraninge wenye tundu na kisiki kilichobakia baada ya mkaa husomeka sawasawa. Tofauti hiyo huonwa na anayeingia msituni usiku wa masika akiwa na tochi na daftari. Fangasi wa kitridi hamdhuru binadamu, lakini husafiri katika matope ya viatu. Buti husuguliwa, hutiwa dawa na kukaushwa kabla ya kuingia msitu mwingine.