Jukwaa la siku sita lililolipiwa siku kumi na saba

Umetenga pesa ya rangi, umetenga ya fundi, hata ya chai ya vibarua umeiweka kando. Halafu siku ya kwanza ya kazi fundi anainua macho kwenye ukuta wa juu, anakuna kichwa na kusema: “Hapa si pa ngazi. Itabidi tukodi skafoldi.”

Pesa hiyo haikuwa kwenye hesabu yako. Na kwa sababu fundi ameshafika, rangi imeshanunuliwa na vibarua wamekaa kwenye matofali wakikungoja, unapiga simu ya kwanza unayopewa na kutuma pesa kwa nambari ya kwanza unayotajiwa. Sisi huona kipande hicho cha mwisho tu, pesa ikitoka simu moja kwenda nyingine. Malalamiko yanapotufikia, mara nyingi mambo yameshaharibika. Safari hii yalimfika mtu wa hapa hapa kwetu, kwa hivyo tuliyaona tangu mwanzo.

Mwenzetu mmoja wa huduma kwa wateja aliamua kurekebisha nyumba ya mamake huko Limuru. Ni nyumba ya ghorofa moja, ukuta wa mbele umefifia, mbao za ukingo wa paa zimeoza na gata zinavuja. Walielewana na fundi Sh28,000 za kazi. Fundi akamwambia atahitaji fremu 24 za jukwaa kwa siku sita, na akamtumia nambari ya kijana wa yadi anayemfahamu. Bei ilikuwa Sh40 kwa fremu kwa siku, mbao za kukanyagia zikiwemo. Akapiga hesabu kwenye simu: 24 mara 40 ni Sh960 kwa siku, kwa siku sita Sh5,760. Akaona si mbaya. (Hiyo ni bei ya yadi moja, wakati mmoja. Usiende nayo kwenye yadi yako ukidhani ndiyo bei ya soko.)

Alipomaliza, jukwaa lilikuwa limemgharimu Sh36,520, zaidi ya alivyomlipa fundi mwenyewe.

Pesa zilikokwenda

Hakuna aliyembadilishia bei. Ilibaki Sh40 ile ile. Kilichobadilika ni siku.

Lori lilileta vyuma Jumamosi alasiri, na Jumamosi hiyo ikahesabiwa siku nzima. Jumapili hakuna aliyefanya kazi, ikahesabiwa. Jumatatu ilikuwa ya kusimamisha jukwaa. Rangi ilianza Jumanne, siku ya nne. Ilikuwa Aprili, na Limuru ya Aprili unaijua: katika siku kumi na moja zilizofuata, nne zilikwenda na mvua na moja ikawa Jumapili tena. Siku za kazi zilikuwa sita kamili, kama fundi alivyosema. Kwa hilo hatuwezi kumlaumu. Ijumaa jioni kazi ikaisha, akapiga simu yadi waje wachukue vyuma vyao. Wakamwambia lori lina shughuli. Likaja Jumatatu. Siku tatu nyingine.

Jumla siku 17. Mara Sh960 ni Sh16,320. Ukizitoa zile sita za kazi, alilipia siku kumi na moja ambazo jukwaa lilisimama tu uani kama mgeni asiyeaga, na siku hizo peke yake ni Sh10,560.

Kuna na zile pesa ambazo hakuna anayekutajia unapouliza “bei ni ngapi?” Lori Sh4,500 kuja na Sh4,500 kurudi. Vibarua wawili wa kusimamisha na kubomoa, siku moja moja, Sh4,000. Na mwisho kabisa, Sh7,200 za vyuma vilivyopotea, au vilivyosemekana vimepotea. Tutarudi kwa hizo.

Swali ambalo halikuulizwa hapo mwanzo ni fupi: siku inaanza kuhesabiwa lini, na inakoma lini? Yadi nyingine huhesabu tangu vyuma vinapotoka langoni mwao hadi vitakaporudi langoni. Zingine hukubali hesabu ikome siku unapowaarifu kwamba umemaliza, wao wakichelewa kuchukua ni juu yao. Tofauti ya maneno hayo mawili kwa mwenzetu ilikuwa Sh2,880. Kuna wenye yadi wanaokubali siku ya mvua ilipwe nusu, hasa msimu wa masika wakati vyuma vimejaa na wateja ni wachache, lakini lazima uulize kabla ya lori kung’oa nanga. Ukiuliza baadaye utaambiwa mvua haikuletwa na wao, na hapo watakuwa wamesema kweli.

Jambo lingine ni kukodi kabla kazi haijawa tayari. Fundi anapenda jukwaa lifike mapema ili asingoje. Wewe ndiye unayelipia huko kungoja. Hakikisha rangi, mbao na misumari viko uani, na fundi wa gata amethibitisha siku, ndipo uagize vyuma. Vifike asubuhi na siyo alasiri. Na kama una kazi mbili za juu, tuseme rangi na gata, zifanywe kwa kusimamisha jukwaa mara moja. Wapo wanaopaka rangi Machi kisha wanakodi upya Juni kwa sababu gata zilisahaulika.

Hesabu vyuma mbele ya dereva

Sasa zile Sh7,200. Lori lilipofika, mwenzetu alikuwa Nairobi kazini. Dereva alimpa mamake karatasi, mama akatia sahihi kama anavyotia kila karatasi inayoletwa na kijana mwenye adabu. Karatasi ilisema fremu 24, vyuma vya kukingama 48, mbao 20, klampu 60. Hakuna aliyehesabu. Wakati wa kurudisha, yadi ilihesabu ikapata mbao 17 na klampu pungufu, na chuma kimoja cha kukingama kimepinda. Labda vibarua waliondoka na mbao. Mbao nzuri haikosi matumizi. Labda hazikuwahi kufika. Mpaka leo hatujui, na ndiyo maana zililipwa.

Vitu vidogo ndivyo huumiza. Fremu ni kubwa, haipotei. Klampu inaingia mfukoni, inazikwa kwenye matope, inakwenda na taka za mjengo. Kwa hivyo mtu wako awepo wakati wa kushusha, ahesabu kila aina kwa sauti pamoja na dereva, apige picha za rundo na za karatasi iliyotiwa sahihi, na achukue picha ya pekee ya chochote kilichokuja kimepinda au kimepasuka. Kama nyumbani kuna mzazi mzee, muombe jirani au kijana wa familia asimame naye. Picha hizo zitume kwa WhatsApp ya yadi siku hiyo hiyo, na maneno machache tu: “Tumepokea hivi.” Uliza pia bei ya kila kitu kikipotea, uandikiwe. Mtu asiyeijua bei ya klampu kabla, ataisikia baada ya kuipoteza, na haitakuwa bei ya hadiwea.

Nambari ya nani?

Amana, ile wengi huita dipoziti, ilikuwa Sh15,000. Kijana wa yadi alimwambia, “Till leo ina shida, tuma kwa hii yangu.” Akatuma. Na huyu ni mtu anayekaa kwenye simu siku nzima akiwaonya wateja wasifanye hivyo! Tulimcheka kidogo, kisha tukakumbuka kwamba vibarua walikuwa wanangoja, mawingu yanakusanyika, na kijana alikuwa na heshima zake zote.

Vyuma viliporudi, ofisi ya yadi ikasema kwenye kitabu chao hakuna amana ya jina lake. Kijana naye hakuwa akishika simu. Ilichukua wiki mbili. Kilichomwokoa ni ujumbe wa muamala, ambao hakuwa ameufuta: una jina la aliyepokea, tarehe, saa, kiasi na nambari ya muamala. Mwenye yadi alipouona alikubali kwamba huyo ni mfanyakazi wake na kwamba siku hiyo ndiyo lori lilitoka. Akarudisha Sh7,800, yaani 15,000 kutoa zile 7,200.

Tuseme wazi jambo ambalo wateja wengi hutukasirikia kwalo. Kurudishiwa muamala ni kwa pesa iliyokwenda pasipokusudiwa, kama ulipokosea tarakimu ya nambari. Ukituma kwa mtu uliyemkusudia, kisha mkakosana kuhusu klampu, hilo ni deni kati yenu, na sisi hatuwezi kuingia kwenye simu yake kuitoa. Ndiyo maana jina unaloonyeshwa kabla ya kuweka PIN lina thamani kubwa. Kama umekodi kwa yadi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo. Piga simu ofisini, uliza kama wanamtambua, na uombe wakujibu kwa maandishi. Kama till kweli ina shida, lipa ikitengemaa. Yadi iliyo na nia ya kufanya biashara nawe itangoja saa mbili.

Jingine, usichanganye amana na kodi katika muamala mmoja. Tuma Sh15,000 peke yake, na kodi ya siku za kwanza peke yake. Ukichanganya, mwezi ujao mtabishana ni shilingi ngapi zilikuwa za kurudishwa. Na kodi usiilipe yote mbele kwa kipindi kirefu. Lipa kwa wiki, ili ukimaliza mapema usianze kudai chenji.

Mkishindwa kabisa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Taarifa yako ya miamala, picha za siku ya kushusha na maongezi ya WhatsApp ndiyo mzigo utakaobeba kwenda huko.

Bei rahisi zaidi

Kuna wanaosoma haya na kusema, mbona mateso yote hayo, si tufunge miti? Miti ya mkaratusi na misumari bado ndiyo jukwaa la nyumba nyingi, na kwa ukuta mfupi fundi anayejua kazi yake huifunga vizuri. Lakini miti iliyokatwa juzi hukauka na kufunguka kwenye misumari, na ile ya zamani huwa imeliwa na mchwa kwa ndani. Ikivunjika, gharama yake haiandikwi kwenye karatasi ya yadi.

Hata la vyuma lina masharti yake. Miguu isimame juu ya kipande cha ubao mpana, si kwenye udongo wenye maji wala juu ya tofali. Wajenzi wengi hutumia kipimo hiki: likipita mara tatu ya upana wake mwembamba kwa urefu, lifungwe kwenye ukuta. Liwe na kizuizi cha kumzuia mtu kuanguka, na lisisimamishwe karibu na nyaya za umeme. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wanaofanya kazi, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka awe na bima ya wafanyakazi wake. Kwa hivyo muulize mwanakandarasi wako kama anayo kabla kijana wake hajapanda. Wengi watakutazama kama umeuliza umri wa mama yao. Uliza tu.

Mara ya pili

Ukuta wa nyuma ulibaki. Mwenzetu aliungoja hadi Januari, jua likiwa kali, na akatafuta yadi nyingine. Hii ilikuwa ghali zaidi kwa fremu: Sh45. Alihitaji 16 tu, Sh720 kwa siku. Lakini walikubali kwa maandishi kwamba hesabu inakoma siku atakapotuma ujumbe wa kumaliza. Vyuma vilifika Jumatatu saa mbili asubuhi, binamu yake akahesabu na dereva, na picha 11 zikatumwa kabla ya saa tatu. Amana ya Sh10,000 ilikwenda kwa till yenye jina la yadi, peke yake.

Jumamosi saa nne asubuhi akaandika: “Tumemaliza, njooni mchukue.” Lori lilikuja Jumatatu, kama kawaida yao. Kodi ilikuwa ya siku sita, Sh4,320. Klampu moja haikuonekana, Sh250, bei iliyokuwa kwenye karatasi. Saa tisa alasiri simu yake ikalia akiwa kwenye dawati, katikati ya kumhudumia mteja: amepokea Sh9,750.