Nyumba Ilitangulia Karatasi: Safari Ndefu ya Isahakia Hadi Isiolo

Kwa Wasomali wafugaji, nyumba ni ya mke. Aqal, ile nyumba yao ya kuhamahama, husimamishwa, huvunjwa na kupakiwa juu ya ngamia na wanawake. Mifupa yake ni mizizi na fito za mgunga zilizopindwa zikiwa mbichi mpaka zikakubali umbo la upinde. Mavazi yake ni mikeka mizito ya nyuzi za magome, kazi ya miezi mingi, nayo huanza kabla ya harusi, biarusi akisaidiwa na mama, shangazi na dada zake. Mwanamume akioa huingia katika nyumba ambayo hakuisuka. Akihama peke yake, kwa hiyo, hahami na nyumba.

Hivyo ndivyo walivyofika Kenya waanzilishi wa jamii ambayo mjini Isiolo inaitwa Isahakia: wanaume, bila nyumba. Ni Wasomali wa ukoo wa Isaaq, asili yao Berbera, Burao na Hargeisa, katika nchi iliyokuwa chini ya Mwingereza tangu 1884 na ambayo leo inajiita Somaliland. Kuna waliofuatana na wawindaji na walowezi. Lord Delamere, aliyekuja kuwa bwana wa mashamba makubwa Bonde la Ufa, aliingia Kenya mwaka 1897 na msafara ulioanzia Berbera. Kuna waliokuwa wachuuzi wa mifugo, wakinunua ng'ombe kaskazini na kuwashusha kusini. Na kuna waliobeba bunduki katika KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Mwingereza ambalo wazee wetu waliliita Keya, wakapigana na Wajerumani kati ya 1914 na 1918. Vita vilipokwisha, katika miaka ya 1920, askari wastaafu wa Kisomali wakaruhusiwa kuweka makao Isiolo, pale baridi ya Mlima Kenya inapokwisha na nyika ya kaskazini kuanza.

Vitabu vya historia huwa vinakomea hapo: askari, ruhusa, malisho. Mimi naona hapo ndipo habari inapoanza, maana askari aliyeonyeshwa uwanda na kuambiwa akae bado hajahamia popote. Waliooa huku, wakachukua wake miongoni mwa majirani, walikuwa na wakwe wa kuwaelekeza. Waliotuma kwao waletewe wake na watoto waliwaingiza katika safari ya kuchosha: chombo kutoka Berbera hadi Aden, meli kutoka Aden hadi Mombasa, kisha gari la moshi hadi Nairobi. Reli ya Nanyuki ilikuja kufika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hata hapo palibaki mteremko mrefu wa kupita Timau kabla ya kuiona tambarare ya Isiolo.

Familia hazikusafiri nusunusu. Karen Blixen, Mdenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, ameeleza katika kitabu chake Out of Africa jinsi Farah Aden, Msomali aliyemsimamia nyumba, alivyomleta mkewe kutoka Somaliland. Mke hakuja peke yake, alikuja na mama yake, mdogo wake wa kike na binamu yake msichana. Blixen aliwatazama kama pambo la shamba lake, na hilo ni lake. Mtu aliyezaliwa katika ukoo wa aina hiyo anaelewa haraka zaidi kilichokuwa kikiendelea: mwanamke anayekwenda kuzaa ugenini amebeba wakunga na walezi wake kabisa, asije akalazimika kuwatafuta kwa lugha asiyoijua.

Isiolo haikuwa ngeni sana machoni. Upepo, vumbi, migunga, ngamia, joto la mchana: mama wa Burao angevitambua vyote. Ugeni ulikuwa kwenye mambo madogo, na kwa mwenye watoto wadogo mambo madogo ndiyo maisha. Chukua maziwa. Chombo cha maziwa cha Kisomali hakioshwi kwa maji tu, hufukizwa. Kijinga cha moto cha mti maalumu hutiwa ndani, kikazungushwa, moshi ukashika kuta za chombo, kisha majivu yakasuguliwa na kufutwa. Moshi huo huyafanya maziwa yakae bila kuharibika upesi na huyapa ladha ambayo mtoto aliyeizoea hatakubali maziwa yasiyo nayo. Sasa, katika nchi mpya, ni mti gani utakaofaa? Upo utakaoyatia uchungu, upo utakaomletea mtoto tumbo. Jibu walikuwa nalo majirani. Waborana nao hufukiza vyombo vyao vya maziwa, na Wasamburu vilevile. Sina shaka kwamba mazungumzo mengi ya mwanzo kati ya wanawake wa jamii hizi yalihusu kuni.

Watoto walimaliza kazi iliyobaki. Kisomali na Kiborana ni lugha za jamii moja, Kikushi, na mtoto wa miaka mitano huvuka kutoka moja hadi nyingine akikimbiza mbuzi. Kiswahili kilikuwa tayari kimeingia na baba kutoka jeshini, na sokoni hakikukwepeka. Baada ya kizazi kimoja nyumba ya Isahakia ilikuwa na lugha tatu, mkate wa anjera wa asubuhi na nyirinyiri, nyama ya akiba kwenye mafuta yake. Makazi yalikuwa yametulia.

Serikali haikutulia. Sheria ya mwaka 1919 iliwaruhusu baadhi ya Wasomali kutohesabiwa kuwa "wenyeji", yaani Waafrika. Isahakia wakataka zaidi. Kati ya 1936 na 1941 waliendesha kampeni ya kustaajabisha: walidai walipishwe kodi kubwa kuliko ile waliyopangiwa, ili wawe sawa na Waasia. Malalamiko yao yalifika London, na wenzao waliokuwa Aden na mabaharia wa Kisomali wa Uingereza wakayapa sauti. Mtu anayeomba kuongezewa kodi anachekesha, mpaka ukumbuke kodi hiyo ilikuwa risiti ya nini: wapi utatibiwa, utafanya biashara wapi, ofisa atakusemesha vipi. Ila tuseme kweli, palikuwa na kiburi pia. Kudai kwamba wewe si Mwafrika ilhali watoto wako wanacheza na watoto wa Kiborana na wa Kiturkana mtaani ni kununua deni, na deni hilo lilikuja kudaiwa.

Isitoshe, makao yenyewe yalikuwa nyuma ya lango. Chini ya sheria za wilaya zilizofungwa, ile ya 1902 na nyingine ya 1934, mtu hakuingia wala kutoka kaskazini bila kibali, na Isiolo ndiyo iliyokuwa mlango. Kijana aliyezaliwa hapo, akitaka kumtembelea mjomba wake Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao Isahakia ni miongoni mwa waliouanzisha, aliomba ruhusa kama mgeni.

Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Siku 16 baadaye hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki kwa ajili ya vita vya shifta, uasi wa waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, na Isiolo nayo ikaingizwa katika sheria hizo za dharura, ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Waborana wa Waso, yaani wa bonde la mto Ewaso Nyiro, walipoteza mifugo kwa maelfu na wakakusanywa kambini Garba Tulla, Merti na Modogashe. Isahakia, Wasomali kwa sura na jina, wakawa watu wa kushukiwa kwanza na kuulizwa baadaye.

Kilele cha maswali kilikuwa Novemba 1989, serikali ilipoamuru Wasomali wote watu wazima wasailiwe. Mjukuu wa askari wa Keya alisimama mbele ya kamati akitaja ukoo, mbari, chifu na wazee wanaomfahamu, akifaulu apewe kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Na kama angeshindwa, angerudishwa wapi? Mwaka uliotangulia, 1988, ndege za Siad Barre, rais wa Somalia, zilikuwa zimeishambulia Hargeisa na watu wake kukimbilia Ethiopia kwa miguu. Kule ambako kamati ilidhani ni kwao, wenye kwao walikuwa wakimbizi.

Kwa hiyo sishangai kwamba Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba usaili maalumu wa vitambulisho kwa jamii za mpakani umeondolewa, furaha ilichanganyika na tahadhari. Karatasi imewachezea watu hawa kwa takriban karne moja. Na ya ardhi ni ngumu zaidi kuliko ya kitambulisho: malisho waliyoonyeshwa na Mwingereza yalikuwa na wenyewe, na kila anayedai sehemu ya Isiolo leo, Mborana, Mturkana, Msamburu, Mmeru au Msomali, ana babu wa kumtaja.

Maisha, lakini, hayangoji hati. Kila asubuhi maziwa ya ngamia huingia mjini kutoka upande wa Kulamawe kwa madumu ya plastiki. Wanawake wa Kisomali na wenzao, wengi wao chini ya ushirika wa Anolei, huyanusa, huyaonja, huyatenga yaliyoanza kuchacha, kisha hupakia mazuri kwenye basi la Nairobi yakauzwe Eastleigh. Watoto wao wakienda Hargeisa kuwatafuta ndugu huitwa "sijui", kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili linalowatoka wakiulizwa jambo kwa Kisomali kigumu. Hucheka, wakapanda ndege ya kurudi.

Mgeni wa Isiolo siku hizi ni mwingine: mwalimu kutoka Meru, fundi aliyekuja na barabara ya lami ya kwenda Moyale, familia ya Waoromo iliyovuka mpaka, karani aliyeletwa na serikali ya kaunti. Baadhi yao hupanga nyumba kwa wajukuu wa Keya. Mwenye nyumba, hajia aliyevaa miwani na baibui, hatakuuliza umetoka wapi. Atauliza una watoto wangapi, kwa sababu maji ya mfereji huja kwa mgao na watoto humaliza tangi. Ukisema wanne, jiandae kuongezewa kodi.