Kadi ya Matundu na Sweta ya Mwanafunzi

Mji wa Bunia umejengwa mahali pa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya mvua, mtoto atokaye mtaa wa Bigo kwenda shuleni huhitaji nguo ya kumkinga na baridi. Basi, wasomaji wapendwa, leo twataka kueleza kazi iwezayo kumvika mtoto huyo na kumpatia mzazi wake riziki: kutunga nakshi za sweta kwa kadi ya matundu.

Mashine ya kufumia tunayoinena haihitaji umeme. Mfumaji husukuma kigari kwa mkono, kulia na kushoto, juu ya sindano zipatazo 200. Kila kigari kipitapo, mstari mmoja wa vitanzi hufumwa, nayo kadi iliyomo ndani husogea mstari mmoja. Penye tundu, sindano hupokea uzi wa rangi ya pili. Pasipo tundu, hupokea uzi wa kwanza. Kadi huamuru, na sindano hutii.

Shauri hili si jipya. Huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1804, Joseph-Marie Jacquard aliwafuata mafundi waliomtangulia akatengeneza mtambo wa hariri ulioongozwa na kadi za matundu. Mwaka 1890 kadi za namna hiyo zilitumika Marekani kuhesabu watu.

Siku hizi mashine nyingi za kadi hununuliwa zikiwa zimekwisha tumika, na mara nyingi kadi zake zimechakaa au zimepotea. Asiyejua kutunga kadi hufuma sweta tupu, au hurudia nakshi za wengine. Lakini ajuaye aweza kuitikia shule ikitaka sweta mia zenye alama moja. Vifaa vyake ni kadi ngumu, kitobolea, kalamu na daftari la hesabu lenye miraba.

Jambo la kwanza ni hesabu. Kadi ya kawaida ina nafasi 24 kwa upana, na nakshi hujirudia kila vitanzi 24. Ua la vitanzi 8 litaingia mara tatu sawasawa. Ua la vitanzi 10 litaingia mara mbili, vibaki vinne, na nakshi itakatika. Wanafunzi, hapo mwaona faida ya kujua kugawanya!

La pili ni usalama wa mtoto. Uzi usiofumwa hupita wazi nyuma ya nguo. Ukiruka vitanzi vingi, hufanya kitanzi kirefu cha kunasa vidole vya mtoto avaapo sweta. Yafaa usiruke zaidi ya vitanzi vitano hivi. Penye nafasi kubwa, toboa tundu moja la katikati.

La tatu ni umbo. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake, kwa hiyo duara iliyochorwa katika miraba sawa hutoka imebonyea. Mchoro hurefushwa kidogo. Tena, mfumaji hutazama upande wa nyuma wa nguo. Mwenye kuandika herufi na afume kwanza kipande kidogo, zisije zikatoka kinyume. Tundu likikosewa, huzibwa kwa utepe wa kunata.

Je, nakshi zenyewe zitoke wapi? Katika msitu wa Ituri, wanaume wa Kimbuti huponda magome ya miti yakawa nguo, na wanawake huzichora kwa mkono. Mistari yao huenda, hukatika, huanza tena mahali usipopatazamia. Kadi haina uhuru huo, kwa kuwa kazi yake ni kurudia. Avutwaye na uzuri ule asijaribu kuubeba wote. Ajifunze kwao jinsi ya kuacha nafasi na kuvunja mstari, kisha atunge yake katika miraba 24.

Kadi ikiisha kutobolewa, andikeni juu yake unene wa uzi, idadi ya vitanzi na kipimo cha mtoto. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwakani mwanafunzi mwingine atahitaji sweta ileile, na mama atakayeishika kadi hiyo hatalazimika kuanza kuhesabu upya.