Fadhila na Kura

Makambako ni mji wa njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma huachana hapa na ile ielekeayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake papa hapa. Kwa hiyo msimu wa kampeni unapowadia, misafara ya wagombea aghalabu husimama mjini, vipaza sauti vikavuma, vijana wakagawiwa kofia na fulana, na akina mama khanga, hata mgeni akadhani kwamba rai ya umma hufinyangwa katika halaiki ile.

Lakini mwaka 1940, mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura 600 wa wilaya ya Erie, jimboni Ohio, Marekani, wakiwahoji tena na tena, wakabaini kwamba kampeni iliwageuza wachache mno. Wengi ilizidi kuwathibitisha katika rai waliyokuwa nayo, na maneno ya watu waliowafahamu na kuwaamini yalikuwa na nguvu kushinda redio na magazeti. Kwetu mtu huyo ni balozi wa nyumba kumi, au mzee wa kanisa, au mwenye duka akopeshaye mbolea hadi mahindi yavunwe, ambaye huku akipima mbegu humwambia mteja wake, “Mama, huyu ndugu tumwangalie, alitufaa kwenye msiba,” na hotuba ya saa nzima uwanjani haifui dafu mbele ya neno hilo.

Hapo ndipo ilipo hatari ya takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kwani humnasa mtu kwa uungwana wake mwenyewe: aliyelelewa kulipa fadhila huona haya kumnyima kura aliyemfadhili, ijapokuwa kura ni ya siri. Mwaka 2000 Bunge liliihalalisha takrima ndani ya Sheria ya Uchaguzi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu, kwa shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake, ikaibatilisha, kwa kuwa ilimpendelea mgombea tajiri dhidi ya maskini. Naiona hukumu hiyo kuwa miongoni mwa zilizo adili kabisa katika historia ya chaguzi zetu.

Tulikwisha kujaribu njia nyingine ya kampeni. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili walisimama jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na TANU, wakikatazwa kuchochea kabila, rangi au dini, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenziwe ya nyumba. Na wananchi wakamwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Lakini nani asimame lilikuwa limekwisha kuamuliwa na chama.

Leo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaweka kikomo cha matumizi ya mgombea, na ni jambo jema. Ila rambirambi iliyotolewa msibani miaka miwili kabla ya kampeni haimo katika hesabu yoyote, nayo ndiyo mwenye duka anayoikumbuka.