Murray asipimwe kwa pishi pungufu

Tangu mchezaji tenisi Andy Murray wa Uskochi alipostaafu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwezi Agosti 2024, wapenzi wa mchezo huo wamegawanyika juu ya hukumu anayostahili. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa. Wapo pia wanaodai kuwa alijaaliwa kipaji kikubwa akavuna kidogo: mataji matatu tu ya mashindano makuu, ilhali wenzake wa zama zake, Roger Federer alitwaa 20, Rafael Nadal 22, na Novak Djokovic alikwishatimiza 24 mwaka 2023. Sisi twaona dai hili lastahili kujibiwa, kwani ndani yake mna namna ya kuhukumu watu isiyoishia katika viwanja vya tenisi.

Kwanza tuwape walaumu haki yao. Murray alicheza fainali 11 katika mashindano makuu manne, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Alishindwa mara nane. Tano kati ya hizo zilikuwa za Australia, ambako hakupata ubingwa hata mara moja. Katika fainali zake tatu za mwanzo, za mwaka 2008, 2010 na 2011, hakuambulia hata seti moja. Aidha, mara nyingi alionekana akiwafokea wasaidizi wake waliokaa jukwaani, hali mpinzani wake yuko ng'ambo ya wavu. Na ipo hoja nzito zaidi: Stan Wawrinka wa Uswisi alicheza zama zile zile, akapambana na majabari wale wale, naye akapata mataji matatu katika fainali nne tu. Haya ni kweli, wala si haki kuyafunika.

Hata hivyo, hesabu isiyokamilika hupotosha kuliko uongo. Katika zile fainali 11, kumi alikutana ama na Federer ama na Djokovic. Ni moja tu, ya Wimbledon mwaka 2016, aliyokutana na mtu mwingine, Milos Raonic wa Kanada, naye akamshinda kwa seti tatu mfululizo. Hii maana yake ni kwamba Murray hakupata kushindwa fainali kuu na mchezaji yeyote ila hao wawili, ambao ni miongoni mwa wachezaji bora waliopata kutokea katika historia ya tenisi.

Wala hakuwa mtu wa kuangushwa akalala. Julai 2012 Federer alimshinda katika fainali ya Wimbledon, na Murray akatokwa na machozi mbele ya umati. Wiki nne baadaye, katika uwanja ule ule, alimshinda Federer huyo huyo kwa seti tatu mtawalia, akavaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Septemba akamshinda Djokovic mjini New York katika pambano lililokaribia saa tano. Mwaka 2013 akamshinda tena Djokovic huko Wimbledon, na Uingereza ikampata bingwa wake wa kwanza wa kiume hapo tangu Fred Perry mwaka 1936, yaani baada ya miaka 77. Mwaka 2015 aliiongoza nchi yake kutwaa Kombe la Davis. Mwaka 2016 alipata dhahabu ya pili ya Olimpiki, akaumaliza mwaka akiwa wa kwanza duniani.

Ama kuhusu Wawrinka, sifa yake ni yake na hatumpunguzii. Lakini tuulize: je, aliyefika fainali mara nne ndiye wa kusifiwa, na aliyefika mara 11 ndiye wa kulaumiwa? Ikiwa ndivyo, basi Murray angejiokoa na lawama kwa kutolewa mapema, katika raundi ambazo hakuna azikumbukaye. Hukumu ya namna hiyo humwadhibu mtu kwa kufika karibu, na humwacha huru yule asiyefika kabisa.

Kukosoa kuna mahali pake. Hasira za Murray uwanjani zilistahili kukosolewa, kwa kuwa zilikuwa katika uwezo wake kuzizuia. Kuzaliwa wiki moja tu kabla ya Djokovic, mwezi Mei 1987, hakukuwa katika uwezo wake. Mkosoaji mwadilifu hupambanua mambo hayo mawili. Nyonga ilipoharibika, akapasuliwa mwaka 2018 na tena 2019, angeweza kwenda zake kwa heshima. Badala yake alirudi uwanjani akiwa na chuma nyongani, na Oktoba 2019 akatwaa taji la Antwerp. Aliyemshinda katika fainali hiyo alikuwa Wawrinka.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Murray hakuwa mnyonge, ila haki yake ni ile ile. Nasi twawaambia wote waliopewa dhamana ya kupima kazi za wengine, wawe viongozi wa vyama vya michezo au wakuu wa idara: kabla ya kuandika kwamba fulani ameshindwa, andikeni kwanza alishindana na nani, mara ngapi alifika, na alifanya nini siku ya pili yake. Bila ya hayo, ripoti huwa ni pishi pungufu, na apimiwaye hudhulumiwa.